UZI: Shajara ya kijana wa vitani inamfanya nini msomaji, na tuisomeje ili isiishie kwenye machozi tu

#1 RafuYaChini

Wakuu, habari za humu. Nafungua uzi kwa ajili ya wanaosoma na wanaosomesha shajara zilizoandikwa na vijana wakati wa vita: Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha Amsterdam wakati Wanazi wametawala Uholanzi, Tanya Savicheva wa Leningrad (Urusi), Dawid Sierakowiak wa Łódź (Poland), Zlata Filipović wa Sarajevo (Bosnia) na wenzao. Kwamba zinagusa moyo, hilo halina mjadala. Ninachotaka tukichambue ni zinagusaje, na kwa nini msomaji mmoja hufunga kitabu akiwa ameielewa vita, mwingine akabaki na huzuni inayopoa baada ya siku mbili.

Naanza na ninavyoona mimi. Kitabu cha historia huandikwa na mtu anayejua mwisho. Shajara huandikwa na asiyeujua, ila husomwa na anayeujua. Nguvu yake imo katika pengo hilo.

Chukueni tarehe 6 Juni 1944. Anne amesikia redioni kwamba majeshi ya Washirika yametua Ufaransa, na anaandika kwamba huenda Septemba au Oktoba akarudi shule. Sisi tunajua kwamba tarehe 4 Agosti maficho yatavamiwa, na kwamba tarehe 3 Septemba atapakiwa kwenye treni kutoka kambi ya Westerbork kwenda Auschwitz, yeye na wengine, jumla 1,019. Ndiyo treni ya mwisho iliyotoka Westerbork kwenda Auschwitz. Siku hiyohiyo majeshi ya Uingereza yalikuwa yanaingia Brussels, nchi ya jirani. Msomaji asiyeshika tarehe hizi ataupita ukurasa wa 6 Juni kama ukurasa wa furaha. Anayezishika hatausahau.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya anayesomesha ni tarehe. Hisia zitakuja zenyewe. Karibuni wenye uzoefu wa nyaraka na wa vikundi vya usomaji mwongeze.

---

#2 KaratasiKuukuu

Mkuu RafuYaChini, umeanza vizuri, lakini kabla ya tarehe kuna jambo la chini yake: msomaji ajue ameshika maandishi gani. Kuhusu Anne Frank watu wengi hudhani kuna daftari moja lililochapishwa jinsi lilivyo. Sivyo.

Kuna maandishi ya kwanza, ambayo watafiti huyaita A. Ni lile daftari la jalada la miraba myekundu na myeupe alilopewa siku alipotimiza miaka 13, tarehe 12 Juni 1942, pamoja na madaftari yaliyofuata. Kisha tarehe 28 Machi 1944 waziri wa Uholanzi Gerrit Bolkestein, akizungumza kupitia Radio Oranje kutoka London, aliwaomba Waholanzi watunze barua na shajara zao ili vita ikiisha zikusanywe. Anne alisikia. Tarehe 20 Mei 1944 akaanza kuandika upya kila kitu kwenye karatasi za kunyofoka: anapunguza, anaunganisha, anawapa watu majina ya bandia. Hayo ndiyo B. Alipokamatwa alikuwa ameshafika kwenye matukio ya tarehe 29 Machi 1944. Baba yake, Otto, aliyekuwa peke yake aliyerudi kati ya watu wanane waliojificha pamoja, alichanganya A na B, akaondoa baadhi ya mambo, na kitabu kikatoka tarehe 25 Juni 1947, nakala 3,036. Hayo ni C.

Kwa msomaji hili lina maana mbili.

Kwanza, karibu mwaka mzima wa 1943 hatuna A yake, kwa sababu daftari au madaftari ya kipindi hicho yalipotea. Kila unachokisoma cha mwaka huo kimeandikwa upya mwaka 1944 na msichana wa miaka 14 hadi 15, tayari ana nia ya kutoa kitabu. Ule mpangilio mzuri, ile namna anavyokuachia mwisho wa kifungu ukiwa na hamu ya kuendelea, ni ufundi wa mtu aliyekuwa anajinoa kuwa mwandishi.

Pili, kuanzia mwisho wa Machi 1944 hadi tarehe 1 Agosti hakuna B kabisa. Kurasa hizo ni mbichi. Ukisoma kwa sauti utasikia tofauti: sentensi zinakuwa ndefu, anajirudia, anajibishana na nafsi yake. Msomaji huhisi amemsogelea karibu zaidi bila kujua sababu. Sababu ni hiyo.

Ukitaka kujua una toleo gani, fungua tarehe 24 Machi 1944. Kama Anne anaeleza maumbile ya mwili wa kike kwa utulivu kabisa, basi una toleo lililopanuliwa la mwaka 1991 au lililotokana nalo. Kama hayamo, una toleo la zamani. Kikundi kimoja kisichanganye matoleo mawili, maana mtapoteza dakika kumi kila kikao mkitafuta ukurasa na bado mtabishana.

---

#3 BiKurasa

Nashukuru kaka Karatasi. Naomba nimlete Tanya, kwa sababu tukikaa na Anne peke yake tutadhani shajara lazima iwe na kurasa mia tatu na sauti yenye maneno mengi.

Tanya Savicheva alizaliwa mwaka 1930. Shajara yake ina kurasa tisa tu. Aliiandika wakati Leningrad imezingirwa na majeshi ya Ujerumani, mzingiro uliodumu siku 872, kuanzia tarehe 8 Septemba 1941 hadi 27 Januari 1944. Katika majira ya baridi ya kwanza, kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941, mgao wa mkate kwa watoto na wasiofanya kazi ulikuwa gramu 125 kwa siku, na huo mkate wenyewe ulikuwa umechanganywa na vitu visivyo unga.

Daftari lake lilikuwa dogo, lile lenye herufi pembeni za kutafutia majina. Mtu wa nyumbani akifa, Tanya anafungua herufi ya jina lake na kuandika: fulani amekufa, tarehe, saa. Dada Zhenya, bibi, kaka Leka, ami Vasya, ami Lesha, na mwisho mama, tarehe 13 Mei 1942, saa moja na nusu asubuhi. Baada ya hapo kurasa tatu za mwisho: akina Savichev wamekufa, wamekufa wote, amebaki Tanya peke yake. Na hizo nazo ameziweka kila moja kwenye herufi yake.

Ukiisoma yote kwa sauti haimalizi dakika moja. Wasomaji hunyamaza, na ukiwauliza kilichowanyamazisha, hawatataja kifo. Watataja saa. Mtoto wa miaka 12 hakuandika neno moja la majonzi, ila aliangalia saa na kuiandika. Kukosekana kwa hisia kwenye karatasi kunamlazimisha msomaji azilete mwenyewe. Anne anakupa maneno yake mpaka unamfahamu, Tanya anakunyima, na zote mbili zinafika. Anayesomesha asijaribu kuijaza nafasi ile kwa maelezo. Soma, nyamaza sekunde thelathini, kisha uliza swali moja tu: kwa nini aliandika saa?

Jambo la kusahihisha mapema: si kweli kwamba nyumba nzima iliisha. Dada yake Nina na kaka yake Mikhail walinusurika, ila Tanya hakujua. Yeye mwenyewe alihamishwa nje ya mji mwaka 1942 na akafariki tarehe 1 Julai 1944 kutokana na maradhi. Waelezeni wasomaji hili baada ya kusoma, siyo kabla. Lile pengo la mwanzo wa uzi, kwamba mwandishi hajui na msomaji anajua, hapa linafanya kazi kwa upande usiotarajiwa: tunajua hakuwa peke yake.

---

#4 Mshumaa_2

Nauliza kwa wanaoendesha vikundi. Vijana wa miaka 13 hadi 16, kitabu cha Anne kizima, vikao vingapi? Na wapewe nini mkononi?

---

#5 MwalimuWaZamu

@Mshumaa_2, ninavyopendekeza: vikao vitano, kimoja kwa wiki. Usikimalize ndani ya wiki moja. Maficho yale yalidumu miaka miwili na mwezi, kuanzia tarehe 6 Julai 1942, na sehemu ya athari ya kitabu ni uchovu wa kukaa. Msomaji anayekimbia hauhisi.

Kikao cha kwanza: Juni hadi mwisho wa Novemba 1942. Hapa kuna maisha kabla ya maficho, kuingia, na kufika kwa mtu wa nane, daktari wa meno Fritz Pfeffer, katikati ya Novemba. Kikao cha pili: Desemba 1942 hadi Desemba 1943. Hiki ndicho ambacho vijana hukisinzia, kwa hiyo wape vifungu sita au saba tu vya kusoma pamoja, mengine wasome nyumbani. Cha tatu: Januari hadi Machi 1944. Cha nne: Aprili hadi tarehe 1 Agosti 1944. Cha tano hakina kurasa za shajara hata moja. Ni cha kilichotokea baadaye.

Mkononi wape karatasi moja yenye safu tatu. Ya kwanza: tarehe ya kifungu. Ya pili: Anne anajua nini siku hiyo. Ya tatu: sisi tunajua nini. Waijaze wenyewe. Makosa yanayojitokeza karibu kila kikundi ni kujaza safu ya pili kwa "hajui chochote". Warudishe kwenye tarehe 9 Oktoba 1942. Anaandika kuhusu Westerbork, kuhusu watu wanaosombwa, na kwamba redio ya Uingereza inasema wanauawa kwa gesi. Alijua mengi. Asichokijua ni siku yake mwenyewe. Kijana akilielewa hilo, usomaji wake hubadilika papo hapo: anaacha kumwona kama mtoto aliyefunikwa macho, anaanza kumwona mtu anayeishi na habari nzito na bado anagombania meza.

Nasema meza kwa makusudi. Julai 1943 Anne aliomba atumie meza ya chumba anacholala na Pfeffer mara mbili kwa wiki, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Pfeffer alikataa, ikabidi baba aingilie. Wapeni kifungu hicho waigize majadiliano ya pande mbili. Nasisitiza pande mbili.

---

#6 BiKurasa

Mwalimu, hapo kwa Pfeffer naomba nikazie maana ndipo wasomaji wengi hupotea. Shajara humfanya msomaji amwamini mwandishi kwa kila kitu. Anne alimpa jina la bandia linalomaanisha mpumbavu kwa Kijerumani, na dunia nzima ikamjua hivyo. Pfeffer alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, amempeleka mwanawe Uingereza mwaka 1938 ili aokoke, na mwenza wake Charlotte Kaletta, ambaye hakuwa Myahudi, alikuwa nje, humo humo Amsterdam, wasiweze kuonana. Sheria za Ujerumani zilikuwa zimewazuia hata kuoana. Alifia kambi ya Neuengamme tarehe 20 Desemba 1944. Kaletta aliumia sana kwa jinsi alivyochorwa, hasa kwenye tamthilia ya mwaka 1955, iliyomfanya asiyejua hata ibada za dini yake wakati alikuwa mshika dini.

Kumpenda Anne hakumlazimu msomaji kumchukia mwenzake wa chumba. Kikundi kikiweza kushika yote mawili, kimesoma vizuri.

Na tukumbuke dada yake Margot naye alikuwa na shajara, Anne mwenyewe anaitaja. Haijapatikana. Vyumba vile vilikuwa na watu wanane na sisi tunasikia sauti moja.

---

#7 Nanga

Naomba kuuliza kuhusu ule mstari unaobandikwa kila mahali, kwamba pamoja na yote anaamini watu ni wema moyoni. Je, si ndio ujumbe wa kitabu?

---

#8 RafuYaChini

Ndugu Nanga, hapana, na nashukuru umeuliza. Ni wa tarehe 15 Julai 1944. Usome pamoja na unaoufuata: anasema anaiona dunia ikigeuka jangwa polepole, anasikia ngurumo inayokuja na itakayowaua na wao, anahisi mateso ya mamilioni. Kisha anarudi tena kwenye tumaini. Ni kifungu cha mtu anayevutwa huku na huku.

Ulivyogeuka kuwa ujumbe ni kazi ya jukwaa. Tamthilia ya mwaka 1955 iliyoandikwa na Frances Goodrich na Albert Hackett iliuchukua mstari huo na kuuweka mwishoni kabisa, baada ya kukamatwa. Ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1956, filamu ikafuata mwaka 1959, na watu wengi wakamjua Anne kwa njia hiyo kabla ya kukifungua kitabu. Kwa hiyo msomaji hutoka amefarijiwa na mtu aliyeuawa. Aliandika vile kabla ya kambi za Westerbork, Auschwitz na Bergen-Belsen. Sisi hatuna neno lake la baada ya hapo, na hatuna ruhusa ya kumwandikia.

Cha kufanya: chapisheni aya nzima ya tarehe 15 Julai, ficheni mstari ule, waulize wasomaji aya inahusu nini. Kisha ufunueni. Watauona ukubwa wake halisi.

---

#9 Kidato_Huru

Mimi nina hoja tofauti kidogo. Mnaongelea jinsi ya kusoma, lakini kuchagua Anne peke yake tayari ni kuchagua athari. Shajara yake inaishia mlangoni. Njaa ya geto (mtaa Wayahudi walikofungiwa) haimo, kambi haimo. Msomaji anamaliza bila kuona kilichowaua Wayahudi wa Uholanzi zaidi ya laki moja.

Nashauri kila kikundi kisome kurasa ishirini au thelathini za Dawid Sierakowiak sambamba. Alikuwa kijana wa geto la Łódź, mwanafunzi hodari, mpenda siasa na lugha. Anaandika supu, gramu za mkate, nani amekula mgao wa nani. Baba yake mwenyewe anakula sehemu ya mkate wa familia, na Dawid anaandika kwa hasira isiyofichwa. Septemba 1942 mama yake anachukuliwa baada ya daktari kumpima na kumwona dhaifu. Baada ya hapo sauti ya daftari inabadilika kabisa. Kifungu cha mwisho tulichonacho ni cha Aprili 1943, na alifariki Agosti mwaka huo akiwa na miaka 19. Madaftari matano yalipatikana baada ya vita. Mengine yalikuwa yameshachomwa kwa ajili ya moto wa jiko.

Athari yake kwa msomaji si ya kupendeza. Watu hawatoki wakisema wanampenda Dawid. Wanatoka wakiwa wameelewa kwamba njaa huingia katikati ya baba na mwana. Nadhani hicho ni kitu kikubwa kuliko machozi, na Anne hawezi kukupa kwa sababu wasaidizi wao walifanikiwa kuwaletea chakula karibu hadi mwisho.

---

#10 MwalimuWaZamu

Nakubaliana na Kidato_Huru kwa asilimia kubwa, ila kwa umri wa miaka 13 nisingeanza na Dawid. Kuanzia 15 ndiyo. Na msisome vifungu vya Septemba 1942 mwishoni mwa kikao halafu mkaagana. Viweke mwanzoni, mbaki na saa nzima ya kuzungumza.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme mambo yanayoharibika mara nyingi.

La kwanza ni maigizo ya mateso. Kuna wanaofungia vijana chumbani saa nzima kimya "ili wahisi maficho", au kuwapa kipande cha mkate cha gramu 125. Acheni. Kijana anajua mlango utafunguliwa, kwa hiyo anachojifunza ni kwamba maficho ni mchezo unaochosha. Na yule mmoja aliyewahi kujificha kwelikweli unamrudisha kubaya mbele ya wenzake. Gramu 125 zipimwe kwenye mizani ziwekwe mezani zionekane, inatosha. Zisiliwe.

La pili ni zoezi la "andika shajara kana kwamba wewe ni Anne". Hutoa kurasa zinazofanana, zimejaa hofu ya kukopa. Badala yake waandike ukurasa mmoja wa siku yao halisi kwa masharti yafuatayo: tarehe kamili na mwaka, watu watatu na walichosema, kitu kimoja walichokula, habari moja waliyoisikia, na jambo moja walilolikasirikia. Watagundua wenyewe kwamba mambo madogo ndiyo yanayobaki.

La tatu, wasomaji waliotoka vitani. Waambie mapema, wiki moja kabla, kikao kijacho kina nini. Asiyetaka kuja asiulizwe sababu. Usimwombe mtu asimulie yake "kwa sababu anaelewa". Akitaka kuandika, aandike akukabidhi au abaki nayo.

---

#11 Mshumaa_2

Asante mwalimu. Na Zlata anafaa wapi? Wapo wanaoanza naye kwa sababu yu hai.

---

#12 BiKurasa

Dada Mshumaa, hiyo ya kuwa hai inabadilisha mengi. Zlata Filipović alianza kuandika Septemba 1991, akiwa na miaka 10: shule, piano, marafiki, televisheni. Mzingiro wa Sarajevo ulianza Aprili 1992 na kudumu hadi Februari 1996. Kurasa za mwanzo ambazo msomaji mwenye haraka huziruka ndizo zinazobeba kitabu, kwa sababu kila kinachotajwa pale kitaondoka kimoja kimoja: shule, maji, umeme, rafiki, madirisha. Waambieni wasomaji waorodheshe vitu na watu wa kurasa hizo, kisha wakate kila kinapotoweka.

Alikuwa ameshasoma shajara ya Anne, na kwa kumwiga akalipatia daftari lake jina. Yaani hapa tunamwona msomaji aliyeathiriwa akigeuka mwandishi. Maandishi yake yalichapishwa Sarajevo mwaka 1993 kwa msaada wa UNICEF wakati vita vinaendelea, na Desemba mwaka huo akatolewa na wazazi wake hadi Paris. Ndani ya shajara anasema kulinganishwa na Anne kunamtisha, anahofia yatamfika yaleyale. Simamisheni kikundi hapo. Aliyeandika hivyo ni mtoto anayejua kwamba anasomwa na watu walio salama.

---

#13 KaratasiKuukuu

Naongeza kuhusu wasomaji waliosoma wakiwa wenyewe wamefungwa. Nelson Mandela, akifungua maonyesho ya Anne Frank mjini Johannesburg mwaka 1994, alisema baadhi yao waliisoma shajara hiyo kwenye kisiwa cha Robben na iliwatia moyo. Wao hawakutafuta mtoto wa kumwonea huruma. Walitafuta ushahidi kwamba mtu aliyefungiwa anaweza kuendelea kufikiri.

Na kuna msomaji wa upande wa adui. Đặng Thùy Trâm, daktari kijana wa Vietnam Kaskazini, aliuawa mwaka 1970 akiwa na miaka 27. Shajara yake iliangukia kwa Frederic Whitehurst, askari wa ujasusi wa Marekani aliyekuwa akichoma nyaraka zisizo na faida ya kijeshi. Mkalimani wake wa Kivietnam alimwambia asiichome, tayari ina moto ndani yake. Akaitunza miaka 35. Mwaka 2005 nakala zilimfikia mama wa marehemu Hanoi, kitabu kikatoka mwaka huohuo, na vijana wa Vietnam waliozaliwa baada ya vita wakakinunua kwa mamia ya maelfu.

Mwisho, kwa kuwa lazima litakuja kwenye kikundi: hoja ya kalamu ya mpira (bolpeni, iliyoenea baada ya vita), kwamba shajara ya Anne ni ya kughushi. Jibu lake ni fupi. Mwaka 1980 polisi ya jinai ya shirikisho ya Ujerumani ilitoa ripoti fupi ikitaja alama za kalamu hiyo kwenye karatasi za kunyofoka, bila kueleza ziko wapi. Wanaokanusha mauaji ya Wayahudi wakaikimbilia. Uchunguzi wa maabara ya Uholanzi uliochapishwa mwaka 1986 ulipima karatasi, gundi, wino na mwandiko, ukathibitisha mwandiko ni wa Anne. Maandishi ya kalamu ya mpira ni vikaratasi viwili vilivyoingizwa katikati na mtu aliyechunguza nyaraka miaka mingi baada ya vita. Mwaka 2006 polisi hao hao walitamka kwamba ripoti yao haiwezi kutumika kuitilia shaka shajara. Lisemeni hili kwa dakika tatu mwanzoni mwa kikao cha kwanza. Mkingoja liulizwe, litaulizwa kwenye kikao cha nne na kuvunja kila kitu.

---

#14 Nanga

Swali la mwisho kwangu. Kuna vijana hawajui kabisa mwisho wa Anne. Waambiwe mwanzoni au waachwe wagundue?

---

#15 RafuYaChini

Waambiwe mwanzoni, Nanga. Kuuficha mwisho ni kuigeuza shajara kuwa hadithi ya kusisimua, na kijana atajiona amedanganywa. Aya moja inatosha: watu wanane walijificha, walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944, Anne na Margot walifia Bergen-Belsen mwanzoni mwa mwaka 1945 wakati wa mlipuko wa homa ya tifasi, kambi ilikombolewa tarehe 15 Aprili, Otto peke yake ndiye aliyerudi. Baada ya hapo fungueni ukurasa wa 12 Juni 1942.

---

#16 MwalimuWaZamu

Naunga mkono, na niongeze kuhusu kikao cha tano. Kitengeeni dakika 90. Mgawieni kila msomaji jina moja mapema, siyo ya wale wanane tu, na ya wasaidizi: Miep Gies na mumewe Jan, Bep Voskuijl, Johannes Kleiman, Victor Kugler. Kleiman na Kugler walikamatwa pia. Kleiman aliachiliwa Septemba 1944 kwa sababu ya afya, Kugler alitoroka Machi 1945. Miep na Bep ndio waliookota karatasi sakafuni, Miep akazifungia kwenye droo ya meza yake bila kuzisoma hadi alipomkabidhi Otto.

Tahadhari moja: swali la nani aliwasaliti litajaribu kumeza kikao chote. Mpeni dakika tano mwenye kuliuliza. Hakuna aliyethibitishwa. Kitabu kimoja kilichomtaja mtu mwaka 2022 kilipingwa vikali na wanahistoria, na mchapishaji wake wa Uholanzi akakiondoa madukani. Rudini kwenye majina mliyogawana.